Futa Kwanza, Nakili Baadaye

Siku Daktari, mkuu wetu wa benki ya damu, aliponipa ile kazi nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta waya uliolegea, kwa hiyo nilisikia sauti yake kabla ya kuona viatu vyake. Alisema yule muuzaji wa programu yetu ya zamani amefunga biashara, hakuna tena wa kuitengeneza ikiharibika, na benki ya damu haiwezi kuendelea kuandika hesabu ya mifuko kwa kalamu kwenye mlango wa jokofu. Kuna programu huria ya benki za damu, akasema, ambayo msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha. Hospitali kadhaa zinaitumia tayari. Nichunguze hatari zake, kisha niseme ndiyo au hapana mbele ya wakuu wa hospitali tunazozihudumia.

"Mama Pacha, usinipe maneno ya kunifurahisha," alisema. Kazini wote wananiita hivyo tangu nilipojifungua mapacha. "Damu ikiharibika kwenye jokofu kwa sababu hatukujua ipo, anayekufa si mimi wala wewe."

Nikatoka chini ya meza, nikajipangusa vumbi magotini, nikafungua ukurasa wa ile programu. Juu palikuwa na picha ndogo ya mtunzaji wake, yaani mtu aliyeiandika na anayeamua nini kiingie na nini kisiingie. Miwani yake ilikuwa imefungwa kamba iliyozunguka shingo. Nilimtambua kabla sijasoma jina.

Nikafumba macho pale pale kwenye kiti. Mimi ni mtu wa kusali, na nimezoea kuomba hekima kabla ya kazi yoyote. Siku ile sikuomba hekima. Nilisema tu moyoni: Ee Mungu, kumbe ulikuwa unanisikia.

Pale alipokuwa akifanya kazi pamoja na mume wangu, kwenye ofisi ya maji, walimwita Profesa, ingawa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta na mume wangu alikuwa msaidizi wake. Siku moja Profesa aliamua kusasisha mfumo wa wateja mchana, watu wakiwa dirishani. Katikati ya kazi umeme ukayumba. Ulipotulia, majina ya wateja wa mji mzima hayakuwepo. Profesa aliwaambia wakubwa kwamba msaidizi wake hakuwa ametunza nakala. Mume wangu alisema nakala alikuwa ametunza, tena mahali alipoambiwa aitunze. Hakuna aliyemsikiliza. Alitolewa na mlinzi mbele ya foleni ya wateja, vitu vyake vimetiwa kwenye beseni la plastiki, na mmoja kwenye foleni akamzomea. Tangu siku hiyo hakushika tena kazi ya ofisi. Anatengeneza simu kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, na lile beseni tunalitumia kufulia.

Mimi ndiye niliyekwenda shule ya jioni kusomea kompyuta baada ya pale. Watu walidhani nimependa elimu ukubwani. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua ni kitu gani hasa kilichomfika mume wangu, kwa sababu yeye mwenyewe hakukubali kukisema.

Uaminifu wa kazi ulinitaka nimwambie Daktari palepale kwamba ninamjua mtunzaji wa programu ile na kwamba nina jambo naye. Sikumwambia. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mama mkwe, anayeishi nasi, huku akichambua mchele kwenye ungo. Aliacha kuchambua.

"Mwanangu, Mungu amemleta mpaka mlangoni kwako," alisema. "Usimfungulie haraka. Mwache kwanza apigwe na jua."

Mume wangu alikuwa kibandani, dirisha liko wazi, anasikia kila neno. Hakugeuza shingo.

Nikaanza kazi, na nitasema bila aibu kwamba sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Nilianza na leseni, nikitumaini kukuta ujanja, sharti lililofichwa la kutunasa baadaye. Leseni ilikuwa safi. Nikatazama vipande vya watu wengine alivyovitumia ndani ya programu yake, maana programu kama hizi hujengwa juu ya kazi za wengine, na kipande kimoja kilichotelekezwa kinaweza kuangusha nyumba nzima. Hapo nikapata kimoja ambacho mwandishi wake alikuwa amekiacha zamani. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete.

Lakini mwongozo wetu wa kukagua programu, ambao mimi na Daktari tuliuandika baada ya taabu ya yule muuzaji, unasema kosa lolote lipelekwe kwanza kwa mtunzaji, na namna anavyojibu iwe sehemu ya uchunguzi. Asiyejibu, au anayejibu kwa kiburi, hafai. Mimi nilimjua Profesa. Nilijua kiburi chake. Nikajiandikisha kwenye ukurasa wa wazi ambapo watumiaji wa programu huandika makosa, nikajiita Mpita Njia, nikaandika kile kipande kilichotelekezwa, kwa maneno makavu yenye miiba, kisha nikakaa kusubiri matusi.

Kesho yake nikakuta jibu. Alinishukuru. Alisema hakuwa ameliona, kwamba ameshakiondoa kile kipande na kuweka kingine kinachotunzwa vizuri, na kama Mpita Njia ana muda aendelee kutazama.

Nilikasirika hadi chai ikanipoa mkononi. Nikarudi kuchimba. Nikagundua kwamba saa ya kompyuta ikiwa nyuma, programu inakubali mfuko wa damu uliokwisha muda. Nikaandika. Akarekebisha. Nikagundua kwamba wauguzi wawili wanaweza kuuchukua mfuko mmoja kwa wagonjwa wawili wakibonyeza kwa pamoja. Nikaandika, safari hii nikaongeza kwamba mwandishi wa msimbo huu inaonekana hajawahi kuingia wodini. Akajibu kwamba ni kweli, hajawahi, na akarekebisha. Ikawa ndio mtindo wetu. Nampiga, anasema asante. Kila nilipoomba asubuhi Mungu amshike pabaya, jioni nilikuta programu yake imekuwa bora kuliko jana, na kwa mkono wangu.

Mama mkwe aliuliza habari za vita kila nilipoingia mlangoni. Siku moja nilimweleza hali halisi, na kabla hajasema kitu mume wangu aliongea kutoka kibandani, bila kuinua macho kwenye simu aliyoipasua.

"Kwa hiyo Profesa kapata tena msaidizi," alisema. "Safari hii hata mshahara hampi."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimwuliza mume wangu kama ana fikra yoyote, au kazi yake ni kutukejeli sisi tunaompigania. Alifunga skrubu moja, akatafuta nyingine, akaijaribu, haikuingia.

"Umejaribu kuchomoa waya?" aliniuliza.

Nikamwuliza waya gani.

"Wakati inasasisha. Katikati. Chomoa waya ukutani uone."

Alisema hivyo tu, akarudi kwenye simu yake. Lakini niliona anaikaza skrubu ileile aliyokwisha kuikaza, na nikaelewa jambo ambalo sikulielewa kwa miaka yote ya ukimya wake. Nilidhani amesamehe. Kumbe alikuwa amenyamaza.

Asubuhi yake kazini nilichukua kompyuta moja ya zamani, nikaweka ile programu, nikaijaza mifuko ya damu ya kubuni: kundi, tarehe, jina la jokofu. Nikaiamuru isasishe kwenda toleo jipya. Mstari wa maendeleo ulipofika nusu, nikachomoa waya ukutani kwa mkono wangu. Kioo kikafa. Nikasali kidogo. Nikachomeka tena.

Hapakuwa na mfuko hata mmoja. Nikaufungua msimbo wenyewe, nikausoma taratibu kama nilivyofundishwa, kidole juu ya kioo. Wakati wa kusasisha, programu ilikuwa inafuta kumbukumbu za zamani kwanza, ndipo inanakili mpya mahali pake. Hata ile nakala ya akiba iliyokuwa kwenye kompyuta ileile, iliifuta ili kupata nafasi. Umeme ukikatika kati ya kufuta na kunakili, unabaki huna la zamani wala jipya. Futa kwanza, nakili baadaye. Na uzuri wa programu huria, au ubaya wake, ni kwamba kila mstari unaonyesha nani aliuandika. Mstari ule aliuandika yeye.

Hivyo ndivyo ofisi ya maji ilivyopoteza wateja wake. Nakala ya mume wangu ilikuwepo. Profesa ndiye aliyeifuta, kwa tabia yake hiyohiyo, na tabia hiyo ameihamishia kwenye damu za watu.

Mwongozo wetu unasema kosa kubwa la namna hii aambiwe mtunzaji kwa siri na kwa haraka. Nilifungua ukurasa wa kumwandikia. Halafu nikaufunga. Siku ya kikao Profesa angekuwepo kwenye kioo kikubwa, maana Daktari alikuwa amemwalika ajibu maswali ya wakuu wa hospitali. Niliona kila kitu kwa macho yangu: kompyuta juu ya meza, mimi nachomoa waya mbele ya wote, kioo kinakufa, na yeye pale juu na miwani yake ya kamba, hana pa kukimbilia. Foleni nzima inamtazama, kama ile foleni ilivyomtazama mume wangu. Sikuwa na haja ya beseni.

Nikawa nasali kikao kije upesi. Lakini sala hiyo haikuwa inapanda. Nilikuwa naisema, nayo inarudi kunikalia kifuani kama tonge lisiloshuka.

Kikao kilipokaribia niliingia kwenye ukurasa wa makosa, ili tu nione kama kuna mwingine aliyelinusa lile kosa. Nikakuta ujumbe wa mtu wa zahanati fulani, sijui ya nchi gani. Aliandika kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Alisema wao wana jokofu moja na kompyuta moja, umeme wao ni wa kubahatisha, na mchana ule wangesasisha kwenda toleo jipya kwa sababu ya yale marekebisho mazuri yaliyoletwa na Mpita Njia. Aliuliza kama kuna tahadhari yoyote ya kuchukua.

Profesa hakuwa amejibu bado.

Nilikaa. Nje ya dirisha gari la hospitali lilikuwa linapakia masanduku ya barafu, dereva anamtania muuguzi kuhusu harusi ya mtu. Nilikuwa na njia mbili tu na zote nilizijua. Nikinyamaza, siku ya kikao ni yangu, na zahanati ile huenda ikaamka na jokofu lililojaa mifuko isiyojulikana ni ya kundi gani wala ya lini. Na walikuwa wanasasisha kwa sababu yangu. Chuki yangu ndiyo iliyowavuta. Nikisema, Profesa atarekebisha kabla ya jua kuzama, atasema asante, na kikao atakijia msafi kama maziwa.

Sikuomba kitu. Niliona haya kuomba. Niliandika.

Sikuandika kwa siri, maana yule mtu wa zahanati asingeuona ujumbe wa siri. Niliandika pale pale hadharani. Kwanza nilimwambia asisasishe, akae mbali kabisa na kile kitufe, na nikaeleza kwa nini, hatua kwa hatua, pamoja na ule waya. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwema. Sikuishia hapo. Nikaandika kwamba Mpita Njia ni mke wa yule msaidizi wa ofisi ya maji aliyefukuzwa mbele ya wateja kwa kosa la kutotunza nakala. Nikaandika kwamba nakala aliitunza. Nikaandika kwamba mkono uliofuta wateja wa mji mzima ndio huu huu ulioandika mstari huu, na kila mwenye macho ausome. Nikaweka jina langu kamili na la mume wangu, nikabonyeza.

Mtu wa zahanati alijibu kwa neno moja la shukrani, akatoweka. Profesa alikuwa na uwezo wa kuufuta ujumbe wangu. Ukurasa ni wake. Niliukodolea macho mchana kutwa nikisubiri ufutwe, ili niwe na la pili la kumshitaki. Haukufutwa. Jioni nikiwa nafunga ofisi lilitokea jibu lake, fupi. Alisema toleo lile limeondolewa. Kisha mstari mmoja zaidi: "Kule pia nilikuwa mimi. Nilijua siku ileile."

Niliusoma nikiwa nimesimama, mkoba begani. Watu watasema hapo moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Alijua siku ileile, akakaa kimya, akaangalia beseni likitoka mlangoni. Neno lile liliniongezea hasira juu ya hasira.

Daktari alikuwa ameshaona kila kitu, maana ukurasa wa wazi ni wazi kwa wote. Aliniita ofisini kwake asubuhi, akafunga mlango, akaniuliza nilijua tangu lini mtunzaji ni nani. Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Alinisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa halali yangu. Mwisho akachukua ule mwongozo wetu mezani, akaupepea.

"Tuliuliza kuhusu leseni, tukauliza nani anatunza, tukauliza tutatokaje tukikwama," alisema. "Hatukuuliza mkaguzi ana kisasi na nani. Hilo tundu utaliziba wewe mwenyewe, leo."

Nikaliziba. Halafu akaniambia kwamba hata hivyo kikaoni nitasema mimi, kwa kuwa hakuna mwingine duniani, ukimtoa yule bwana, anayeijua programu ile kama mimi.

Kikao kilifanyika kwenye chumba kirefu chenye feni inayolalamika. Profesa alitokea kwenye kioo, kamba ya miwani ileile, nywele zimekuwa mvi. Hakunisalimia kwa jina, wala mimi sikumsalimia kwa lake. Nilichomoa waya kama nilivyokusudia. Kioo kikafa, nikachomeka tena, na safari hii mifuko yote ilikuwepo, kwa kuwa alikuwa amerekebisha: sasa inanakili kwanza, inahakikisha, ndipo inafuta. Wakuu wa hospitali wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akauliza kama basi jibu ni ndiyo.

Nikasema bado. Nikasema kosa lile limeishi muda wote huo kwa sababu programu hii ina mtu mmoja. Anaandika mwenyewe, anajisahihisha mwenyewe, anajipitishia mwenyewe. Akikosea hakuna anayemwona, na akinyamaza hakuna anayejua. Msimbo uko wazi kwa dunia nzima, lakini uwazi bila msomaji ni dirisha kwenye nyumba isiyo na jirani. Sharti langu lilikuwa moja: tuichukue programu, lakini lisiingie badiliko hata moja bila kupitishwa na mtu wa pili, asiye rafiki yake.

Wakuu wa hospitali wakageukia kioo. Daktari akanitazama, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Na tunaye wa namna hiyo," alisema.

Wakamwuliza Profesa kama anakubali. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani kwa ile kamba. Alisema anakubali. Alisema pia kwamba ameiandikia ofisi ya maji, lakini sijui walimjibu nini, na sikuuliza. Mpaka leo hakuna aliyekuja kwetu kuomba radhi.

Kwa hiyo sasa niko hivi. Ufunguo wa pili ninao mimi. Profesa akitaka kubadilisha hata rangi ya kitufe, lazima aniletee, akae, angoje. Namsoma mstari kwa mstari, na sijawahi kumpitishia kazi mara ya kwanza. Simwonei. Simrudishii kitu kisicho na kosa, maana damu si mchezo na Mungu anaona. Lakini nikilipata kosa, namwandikia neno moja tu: Rudia. Naliandika kwa raha ambayo bado sijaipeleka kwenye sala, kwa sababu najua nitaambiwa niiache.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimekaa sebuleni na kazi yake mpya juu ya mapaja. Mama mkwe alikuwa anasinzia kwenye mkeka. Mume wangu aliingia kutoka kibandani kutafuta maji ya kunywa, akapita nyuma yangu, akasimama. Sikugeuka. Nilimsikia akinywa glasi yote, taratibu, kisha akaiweka chini.

"Hapo," alisema, na kidole chake chenye weusi wa skrubu kikapita juu ya bega langu mpaka kwenye kioo. "Hajakagua kama diski imejaa."

Nikatazama. Ilikuwa kweli, mimi nisingeliona. Nikamwuliza nimwandikie nini.

Alivuta kigoda, akakaa karibu yangu. Mama mkwe alifumbua jicho moja.

"Mwandikie arudie," alisema mume wangu. "Halafu teremka chini. Namjua huyo, hawezi kuwa na moja tu."